Goti Alilofichwa Nesi

Kijiji cha Mahurunga kilikuwa kimeshabaki nyuma na jasho lilikuwa limeshaniingia machoni. Mimi nasukuma baiskeli, Adelino amekaa kwenye keria, mguu wa kulia ameunyoosha pembeni kama mpini wa jembe, watu tunaopishana nao wanaukwepa.

"Njomba Ussene, unanipeleka hospitali au unaniua?"

"Shuka utembee basi."

"Sukuma, njomba. Nilikuwa natania."

Mwaka ulikuwa sitini na tisa. Mimi nilikuwa napita tu, nikaishia kulima korosho kwa Adelino, Mmakonde aliyevuka mto Ruvuma na mkewe Carlota wakikimbia vita. Adelino alikuwa mcheza lipiko, yaani ndiye anayevaa kinyago, akachuchumaa na kuruka siku vijana wanapotoka jandoni. Wanawake huambiwa lipiko ni mzimu uliofufuka, na mwanamume anayemtaja aliye ndani ya kinyago mbele ya mwanamke amejimaliza. Sasa zilibaki wiki saba vijana watoke, na Adelino akichuchumaa goti linamfunga palepale. Asipocheza yeye, kinyago kinakwenda kwa Athumani, jirani yetu, anayecheza kama kuku aliyelowa.

Mganga wa hospitali alikuwa Mathayo, mtu wa Bukoba, mpole. Shida ikawa nesi. Modesta, Mngoni wa Songea, alikaa palepale na kalamu yake.

"Limeanzaje?" Mathayo akauliza.

Adelino akamtazama nesi, akanitazama mimi. "Lenyewe tu."

"Unabeba mizigo? Makuli wa bandarini wananiletea magoti ya namna hii kila wiki."

"Sibebi."

"Unacheza mpira?"

"Umri huu, Bwana Mganga?"

"Basi unachuchumaa na kuruka?"

Hapo ndipo alipopotea. "Nasali," akasema.

"Unasali vipi mpaka goti livimbe?"

"Kwa kupiga magoti. Tangu alfajiri."

Na mimi mjinga nikaongeza, "Hata shambani. Anapiga magoti katikati ya mihogo."

Modesta akaweka kalamu chini. "Jamani, wapo watu wa Mungu," akasema.

Mathayo akaweka kiganja juu ya pia ya goti, akaukunja mguu. Ndani kukasikika mlio kama mtu anatafuna wali wenye mchanga. Akatueleza kwamba nyuma ya pia ya goti kuna gegedu, laini, linaloufanya mfupa uteleze. La Adelino lilikuwa limekwanguka kama chokaa ya ukuta wa zamani.

"Usione haya, baba. Mko wengi. Makuli, wacheza mpira, kina mama wanaosugua sakafu, hata mimi nikipanda ngazi nalisikia langu. Likishalika, hakuna kidonge cha kuliotesha upya. Dawa ni kulipumzisha, na kuitia nguvu misuli ya paja ili pia ya goti isiyumbe."

Akamlaza. Nyoosha mguu, kaza paja, inua, hesabu mpaka kumi, shusha taratibu. Mara thelathini asubuhi, thelathini jioni. Aspirini, na kitambaa cha maji baridi.

"Na kupiga magoti basi. Sali umesimama."

"Na mtu akichuchumaa na kuruka, je?" Adelino akauliza, eti anadadisi tu.

"Huyo atarudi hapa kwa machela."

Modesta, mtu wa kanisa, hakuweza kukaa na habari ile. Jumapili padri wetu, ambaye hakuwa amemtia Adelino machoni tangu Pasaka ya mwaka juzi, akamsifu mbele ya watu wote. Carlota alitoka nje apate kucheka vizuri. Tangu siku hiyo Adelino ikambidi aende kanisani kila Jumapili, na wenzake wakipiga magoti yeye amesimama peke yake kama nguzo.

Mazoezi aliyafanya kweli. Wiki ya tano uvimbe ukashuka, lakini kuchuchumaa bado. Athumani akaja.

"Goti vipi, kaka?"

"Zima."

"Nimekuja kukusaidia tu kubeba kile kitu."

"Kina watu wake. Nenda kapalilie."

Siku ya vijana kutoka ikaangukia siku ya kliniki ya kina mama pale kijijini, na Modesta akawa amesimama na wanawake kutazama. Lipiko akatoka. Ngoma zikafika pahali pa kuchuchumaa. Mzimu haukuchuchumaa. Ukasimama kwa mguu wa kushoto, ukanyoosha wa kulia, ukakaza paja, ukauinua. Wapigaji wakangoja. Ukaushusha taratibu. Vigelegele vikapasuka, maana mzimu wa namna hiyo hawakuwahi kuuona.

Mara ya tatu nikamwona Modesta anahesabu kwa midomo. Kwenye tisa mguu ukaanza kushuka.

"Bado moja!" akapaza sauti.

Mguu ukapanda.

Wazee wakageuka wote. Ikijulikana nesi amemtambua, Adelino amekwisha, na mimi niliyempeleka kwake pia. Carlota akamkanyaga Modesta kidole.

"Nasema na mzimu," Modesta akasema upesi. "Kwetu Songea mizimu huhesabiwa."

Wazee wakanong'onezana, wakakubaliana kwamba Wangoni ni watu wa ajabu. Ngoma ikaendelea.

Adelino alicheza miaka minne zaidi bila kuchuchumaa, kisha akamwachia Athumani. Athumani alichuchumaa sana, na mwaka wa sabini na tano magoti yake yote mawili yakawa mabovu. Mathayo alihamishiwa Tabora. Modesta aliolewa na karani wa bandari, wakakaa mtaa wa Chikongola. Padri alirudi kwao. Adelino na Carlota walivuka Ruvuma kurudi kwao kule kulipopata uhuru, nikasikia wanalima mpunga. Mimi niliondoka mapema kuliko wote, nikaenda Newala, kisha Tunduru.