Mtaro wa Kumi na Mbili

Kathini alipofika kwenye jina la Nzilani katika rejista ya kikundi, Musyimi alifungua mdomo amwitikie mkewe. Sauti iliyosema "Tuko" haikuwa yake. Ilitoka nyuma yake, tulivu, sauti ya mtu aliyeitikia jina hilo mara nyingi mpaka hajisikii tena akiitikia. Ilikuwa ya Mutie, jirani wa shamba la chini.

Hakuna aliyegeuka. Hilo ndilo lililomchoma. Watu ishirini na watatu wa mwethya, kikundi cha kuchimbiana mashamba kwa zamu, walikuwa wamesimama juu ya ardhi aliyoachiwa na baba yake, majembe mabegani, na hata mmoja hakuona ajabu mwanamume wa boma jingine kuitikia kwa niaba ya boma lake. Nzilani mwenyewe alikuwa akifunga leso kiunoni. Kathini, mama mzee mwenye sauti ya kanisa na kiganja kama ubao, alitia alama kwenye daftari, akalifunga, na ndipo macho yake yakamfikia Musyimi.

"Kumbe leo tuna mgeni."

"Mimi si mgeni, mama. Hapa ni kwangu."

"Sijakataa. Lakini asiyekuwapo na lake halipo. Chukua jembe, wewe na shamba mjuane."

Watu walicheka bila ubaya, wakatawanyika mtelemkoni. Musyimi naye alicheka, kwa meno tu.

Alikuwa dobi. Kwa miaka thelathini na mitatu, katika hoteli moja ya Mombasa, alikuwa amenyoosha shuka za watu asiowajua mpaka mikono yake ikawa laini na nyeupe kidogo kwenye ncha, kama mikono iliyochemshwa. Desemba angetimiza miaka sitini. Mwezi wa tano hoteli iliwaita wazee wote kwenye semina ya kustaafu, na mwalimu wa semina, kijana mwenye viatu vya kung'aa, aliwaambia wapange kabla hawajapangwa. Musyimi alikuwa amepanga zamani. Nyumba ya mawe Mbumbuni, vyumba vitatu, tayari. Tangi la maji, tayari. Akiba ya uzeeni, ipo. Banda la kuku mia mbili, limeshachorwa kwenye karatasi ya mistari. Mwalimu alipowaambia wachore siku yao ya kwanza nyumbani, alijichora ameketi barazani kwenye kiti cha mkono, na mkewe akija na chai. Wenzake walimpigia makofi.

Akachukua likizo ya mwezi mmoja, aje aizoee picha yake. Alipofika, kiti cha mkono kilikuwa kimejaa miche ya maembe ndani ya mifuko myeusi. Nzilani aliitoa, akakipangusa, akamkaribisha vizuri. Kesho yake miche ilikuwa imerudi.

Na kila alipogeuka, alimkuta Mutie. Si Mutie mwenyewe, alama zake. Jembe la Mutie lilining'inia ghalani mwake, kwenye msumari wake. Mutie ndiye aliyejua bomba la tangi huvuja upande gani. Mutie ndiye aliyejua kwamba mbuzi mwenye pembe moja hakamuliki mpaka aimbiwe, na wimbo wenyewe aliujua. Siku moja Nzilani aliinuka kwenye kigoda akishika goti, na kabla Musyimi hajauliza kulikoni, Mutie, aliyekuwa amepita kurudisha panga, akasema, "Ni baridi ya asubuhi hiyo. Pakaa ile dawa." Musyimi hakujua mkewe alikuwa na goti bovu. Hakujua kulikuwa na dawa.

Alichunguza. Alijidai anaenda sokoni, akarudi katikati ya njia. Akamkuta Mutie peke yake akifunga zizi la mbuzi kwa waya, ugoro puani, akiimba nyimbo za kwaya chinichini, na Nzilani hayupo; yeye ndiye aliyekwenda sokoni kweli. Musyimi alisimama kwenye njia. Kama mtu huyu angekuwa anamwibia mke, angejua la kufanya. Kuna wazee wa ukoo, kuna mbuzi wa faini, kuna hata ngumi. Lakini mtu anayefaa, utamshtaki kwa nani?

Ndipo barua ya hoteli ikaanza kumwasha mfukoni. Meneja alikuwa amempa mkataba wa miaka miwili zaidi baada ya kustaafu, chumba kilekile cha wafanyakazi, mashine ileile. Alitaka jibu Ijumaa kabla ya saa kumi. Asipopigiwa, alisema, angepiga mwenyewe. Ijumaa ndiyo hii. Musyimi hakuwa amemwambia mtu.

Alishika jembe, akaenda kuchukua kipande kilichopakana na cha Mutie.

Walikuwa wakichimba fanya juu. Kila mtoto wa Mbumbuni huijua kabla hajajua kusoma: unachimba mtaro kukata mtelemko, na udongo unaurusha juu, upande wa kilima, uwe tuta la kuzuia maji ya mvua ya Novemba. Kurusha juu kunavunja mgongo. Nzilani alikuwa na mitaro kumi na mmoja ya namna hiyo, imepangana kilimani mmoja juu ya mwingine. Huu wa leo ulikuwa wa kumi na mbili.

Mutie alichimba kama mtu anayekula ugali, bila haraka, tonge kwa tonge. Musyimi alichimba kama mtu anayefukuzwa. Akampita. Akamwacha hatua mbili, hatua tano. Malengelenge yalitoka kabla ya saa nne na kupasuka kabla ya saa tano, naye hakuyatazama. Alimtazama Mutie tu, kisogo chake chenye mvi, shati lake lenye kiraka. Alikijua kiraka kile. Kitambaa kilikuwa cha pazia la jikoni lake.

Akazidisha mwendo. Alipoinua kichwa kujionea ushindi, Kathini alikuwa amesimama juu yake.

"Baba Mwau," akamwita kwa jina la mwanawe, "hii ni nini?"

"Mtaro."

"Naona. Na udongo wake uko wapi?"

Musyimi akatazama. Kwa hatua kumi nzima, hakujua tangu saa ngapi, alikuwa akiurusha udongo chini. Mweusi, mnono, udongo wa juu ambao watu huutunza kama mtoto, ulikuwa umelala kwenye mtelemko ukingoja mvua ya kwanza iuteremshe hadi shamba la Mutie.

"Kwani," Kathini akasema, "unamgawia Mutie shamba pia?"

Kicheko kilianza, kikafika kwenye lile neno la mwisho, kikakatika. Watu wakayaangalia majembe yao. Mutie peke yake aliinama, akachukua konzi ya ule udongo, akaurudisha mahali pake.

Kikundi kina sheria: aliyeharibu huinua udongo wake mwenyewe, na wengine hupumzika wakimtazama. Mutie alikuja na beleshi. Kathini akamzuia kwa kidole kimoja. Basi wakaketi kwenye kivuli cha mti wa mukau, wakapakuliwa isyo, mahindi na maharagwe ya moto, na Musyimi akaanza kuupandisha udongo, beleshi kwa beleshi. Aliona sahani ya Mutie ikijazwa. Aliona imejazwa bila Mutie kuulizwa kiasi.

Nzilani alishuka na kopo la maji. Alingoja anywe.

"Huyu Mutie," Musyimi akasema akiwa ameinama, "kuanzia leo sitaki kumwona hapa."

"Sawa, Baba Mwau."

Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Sasa hakuwa na mahali pa kuuweka. "Sawa tu?"

"Boma ni lako. Nitamwambia mwenyewe." Nzilani akaketi ukingoni, miguu ndani ya mtaro, goti bovu amelinyoosha. "Ila na wewe niambie. Januari nitamwona nani hapa?"

Beleshi likasimama.

"Barua niliiona nikifua suruali yako. Umeikunja mara nne, kingo zimekutana sawasawa kama shuka za wageni wako. Nikajua hicho ni kitu unachokipenda."

"Ni miaka miwili tu."

"Hata mara ya kwanza ulisema miwili."

Kule kivulini mtu alisema jambo, wengine wakacheka. Musyimi alihisi wanamcheka yeye. Pengine hawakuwa.

"Ile mvua iliyobeba mahindi yote mpaka mtoni," Nzilani akaendelea, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za soko, "nilishuka hapa na jembe peke yangu. Mutie akauliza kama sina mtu. Nikamwambia ninaye, yuko Mombasa. Akasema basi, atachimba na mimi mpaka afike." Akalichukua kopo. "Ni hayo tu. Hata mimi nimechoka kuwaambia watu kwamba ninaye."

Musyimi alitamani amwambie kitu kingine, kitu kibaya, kitu chenye kichwa na mkia ambacho mwanamume anaweza kukigombania. "Wewe unataka nini?" akauliza. Swali lilitoka limekwaruza. Hakukumbuka kuwahi kumuuliza.

"Kwanza maliza udongo," akasema Nzilani, akapanda.

Alimaliza. Watu wakarudi kazini, na kufikia saa tisa mtaro ulikuwa umefika kwenye makonge ya mpaka, tuta lake limesimama. Walinawa, wakaagana. Kathini aliomba udhuru; ana kikao cha akina mama kanisani, kupima mtaro unaofuata hatabaki. Akaondoka na daftari kwapani.

Mutie alileta fito mbili zilizofungwa uzi wa nailoni mrefu kati yao, na Nzilani akaning'iniza pima maji katikati ya uzi. Fito mbili, watu wawili, na msomaji katikati. Mutie akanyoosha mkono kuchukua ufito wa mwanzo, ule usiohama. Musyimi alikuwa ameshaushika.

Wakatazamana. Mutie akawa wa kwanza kuondoa macho. Akauchukua ufito wa pili, akatembea mpaka uzi ukakaza.

"Baba Mwau, simamisha hapo kwenye kigingi," Nzilani akasema. "Mikono miwili. Ukitikisika wewe, mtaro wote umepotoka."

Viganja vyake vilikuwa vimechunika, vikagandamana na mti. Nzilani akainama, jicho kwenye kioo kidogo ambamo kiputo cha hewa kilikuwa kikitembea; kikitulia katikati, fito ziko sawa. "Mutie, panda kidogo. Tena. Hapana, umezidisha."

Saa kumi ilipofika, simu ikaanza kulia na kutetemeka mfukoni mwa Musyimi. Ilitetemeka kwenye paja lake, ndefu, ikanyamaza, ikaanza tena. Mutie aliisikia toka upande wake. Alisimama, akangoja aone Musyimi atafanya nini.

"Shuka nusu hatua," akasema Nzilani, bila kumtazama huyu wala yule.

Mutie akashuka. Musyimi akaukaza ufito kwa mikono yote miwili, simu ikiendelea, na kiputo kikaondoka upande wa Mutie, kikaelekea upande wake, kikasita, kikaanza kurudi katikati.