Mwenyekiti Arudi Kwa Mkewe

Kwa miaka mingi mtaa mzima ulimwita Mwenyekiti, na hata mkewe, fundi cherehani, alishazoea kumwita hivyo hivyo. Chama nchini kilikuwa kimoja, tawi mtaani lilikuwa moja, na mkubwa wake alikuwa yeye. Alitoka alfajiri, akarudi watoto wamelala. Ukimuuliza alikuwa wapi, jibu ni lile lile: vikao. Mabinti zake wawili waliijua suti yake iliyotundikwa nyuma ya mlango kuliko walivyoijua sura yake.

Kisha vyama vingi vikaruhusiwa, uchaguzi ukaitishwa, na Fundi akakosa hata muda wa kujikuna. Chama cha mumewe kilimletea majora ya kitambaa cha bluu. Wapinzani nao wakamletea chekundu, tena kwa mlango wa uani. Akashona vyote.

"Mke wangu, unanivua nguo hadharani!" Mwenyekiti alilalamika alipokuta mashati mekundu yamejaa mezani.

"Mimi navisha watu, sijamvua mtu," alijibu Fundi, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

Siku ya kura walipanga foleni pamoja, kila mmoja akaingia kivyake. Fundi alishika kalamu, akasita. Hakuwa na ugomvi na chama chochote. Alichotaka ni mume. Akatia alama, akakunja karatasi, akatoka kama hakijatokea kitu.

Matokeo yalitangazwa redioni mchana mmoja, wamekaa sebuleni. Serikali ilikuwa imeangushwa kwa kura. Mwenyekiti akazima redio, akabaki ameikodolea macho. Fundi alitamani kufurahi, lakini kumwona mtu mzima ameinama vile kulimchoma. Mara vigelegele vikasikika, halafu nyimbo, zikija upande wao.

Mwenyekiti akainuka, akavaa suti yake. "Chukua watoto mpite uani. Nikipigwa, nipigwe nimevaa."

"Siendi popote," alisema Fundi, akasimama kando yake.

Mlango ukabishwa. Alikuwa kinyozi wa mtaani, kiongozi wa wapinzani, amevaa shati jekundu, umati nyuma yake.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Semeni mlichokuja kusema."

Kinyozi akajikuna kisogo. "Watu wamejaa uwanjani, mzee, na kipaza sauti hatuna. Chenu kiko ofisini kwenu, na ufunguo unao wewe."

"Mnatushinda, halafu mnakuja kutuazima?"

"Sasa tukaazime kwa nani?"

Mwenyekiti alimtazama mkewe. Fundi alikuwa ameuma mdomo, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Naye akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akaegemea mlango. Akachukua ufunguo, akafuatana nao uwanjani. Fundi hakutulia hata kidogo mpaka alipomwona anarudi jua likiwa bado juu, sauti imemkauka.

"Wamenilazimisha niseme neno."

"Ukasema nini?"

"Nimewapongeza. Na nimewaambia kipaza sauti kirudi kesho."

Chama kikachagua viongozi wengine wa tawi, naye akakabidhi ofisi bila kinyongo. Wiki za mwanzo alizunguka nyumbani kama mgeni, hajui vikombe vinakaa wapi. Baadaye akajifunza kupiga pasi, kisha kushona vifungo. Binti mdogo alimfumulia vile vilivyopinda na kumwambia, "Baba, rudia," naye akarudia. Sauti yake ya mikutanoni sasa ilitumika kuwasimulia watoto hadithi, na majirani walisikia kila neno.

Alasiri moja, amekaa na mkewe barazani na kazi zao, akamuuliza kwa upole, "Hivi wewe ulimpigia nani?"

"Kura ni siri."

"Hata kwa mumeo?"

"Hasa kwa mumeo."

Mwenyekiti akamtazama. Fundi akahisi masikio yanapata moto, lakini hakuinua macho. Kisha akamsikia mumewe akicheka taratibu, kicheko cha mtu aliyeshindwa na hajali.

"Haya," alisema, "nipe shati jingine."

Fundi akampa, akamsogezea na kiti karibu.