Pini ya Tano

Jirani alimhakikishia kuwa kuoka samaki ni kazi ya mtu mvivu: mchanje, mpake chumvi na limau, mjaze vitunguu tumboni, msukume kwenye oveni, kisha kaa uangalie saa. Fundi cherehani akaamini. Wateja walimwita Fundi Kesho, maana suruali ya mtu haikuwahi kuwa tayari leo, lakini chakula hiki hakikuwa na kesho. Mama mkwe alikuwa anafika saa kumi na mbili jioni. Tangu mkewe afariki, miezi saba sasa, watoto walikuwa wakila mkate na chai kama wasafiri, na bibi yao alishasema kwenye simu bila kuzunguka: akikuta hali ni ileile, anaondoka nao wote wawili.

Tumbo la samaki likakataa kufunga. Kila alipomgeuza, vitunguu vilimwagika. Fundi akafanya alichokifanyia kila kitambaa kikaidi kwa miaka ishirini: akachomoa pini kwenye mfuko wa shati alikozoea kuzichomeka, akambana, moja, mbili, hadi tano. Samaki akatulia kama pindo la gauni, naye akajisifu kidogo.

Samaki alitoka rangi ya dhahabu, nyumba nzima ikanukia. Mama mkwe alikuwa ameshaketi, macho yakipima pazia, sakafu, kola za watoto. Huko jikoni, Fundi alichomoa pini harakaharaka akaziweka kwenye kisosi, akambeba samaki mezani, akamkatia mama mkwe kipande cha kwanza. Akarudi kuchukua wali. Kisosini pini zilikuwa nne.

Akahesabu tena. Nne. Akapapasa sinia la oveni, sakafu, mfuko. Akisema, amejichimbia kaburi: nani atamwachia watoto baba anayepika pini? Akinyamaza, labda itanasa mfupani, labda ataiona yeye mwenyewe kwanza. Labda. Kutoka mezani akasikia sauti ya mama mkwe: "Ngojeni kwanza, wajukuu zangu. Wa moto huyo, mtaungua." Akashukuru kupata dakika hiyo moja, kisha akaona aibu kwa kushukuru.

Alipotoka na wali, mkono wa mtoto mdogo ulikuwa unanyemelea samaki.

"Msile," alisema. "Mama, nisamehe. Samaki ana pini ndani. Nilimbana kwa pini za kazini, na moja siioni."

Binti mkubwa akainamisha uso. Alijua mambo yameshaharibika.

"Uliweka ngapi?" mama mkwe akauliza.

"Tano. Nimetoa nne."

Mama mkwe akashusha pumzi ndefu, akafungua kiganja. Pini ilikuwa hapo, ina mafuta, imegandwa na chembe ya kitunguu.

"Nimeipata kwenye tonge la kwanza," alisema. "Nikasema ngoja nione kama baba yao atawaacha wamle hivyohivyo."

Mama mkwe akaiweka pini mezani, akamvuta samaki karibu, akaanza kuwamegea wajukuu minofu, kila mnofu akiuminya vidoleni kwanza.

"Leo nitarudi peke yangu," alisema bila kuinua macho. "Jumapili nakuja tena. Umshone kwa uzi, baba. Fundi mzima unanilisha pini."