Ng'ombe wa Saruji

Moliehi alikuwa akigeuza vyuma vidogo kando ya jiko la mafuta ya taa, upande huu kisha upande ule kama mtu anayechoma mahindi, mlango wa jimu, ukumbi wake wa mazoezi, ulipofunguka na baridi ikaingia kabla ya mtu. Nyuma ya baridi hiyo alikuja Ntate Seabata, mzee mwenye jengo, blanketi limempanda mpaka puani.

"Unapika nini humo?"

"Napasha vyuma, Ntate. Asubuhi vinang'ata mikono. Mtu akivishika vya baridi mara moja, harudi tena."

"Mtu yupi?"

Ntate Seabata akatazama huku na huku. Ukumbi mzima ulikuwa na mtu mmoja tu, Lebeko, polisi mwenye shingo nene, aliyekuwa akinyanyua vyuma mbele ya kioo na kujihesabia kwa sauti kubwa ili ukumbi usionekane mtupu.

Ilikuwa Juni, majira ya baridi, na hapo Mokhotlong, milimani Lesotho, mto ulikuwa umeanza kuganda kingoni. Kila mwaka mambo yalikwenda hivyohivyo: Februari watu wanapanga foleni kwenye mashine ya kukimbilia, Juni wote wako chini ya mablanketi wakiapa kwamba majani yakichipua watarudi.

"Sina ugomvi nawe, binti yangu," alisema Ntate Seabata. "Lakini kuna jamaa anatafuta mahali pa kuhifadhi nyasi za mifugo wake mpaka Septemba. Alhamisi ya mwisho ya Julai nitapita. Nikikuta vyuma ni vingi kuliko watu, ufunguo nampa yeye."

Moliehi akageuza chuma kingine. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Tisa kati ya hiyo aliimalizia kwenye kiwanda cha nguo kule Maseru, akishona mifuko ya suruali, tena mfuko wa kushoto tu, mpaka mgongo ukapinda. Mazoezi ndiyo yaliyomnyoosha, naye akajifunza kunyoosha wengine, akarudi kwao. Katika kazi hii, kwa mara ya kwanza, alimwona mtu mzimamzima, kuanzia utosini mpaka kisiginoni. Hakutaka kurudi mfukoni.

Jioni hiyo alibandika ukutani karatasi kubwa yenye majina ya wanachama wote. Ukija, unachorewa nyota. Mwenye nyota nyingi anapanda juu, mwenye chache anashuka.

Wiki ya kwanza ilikuwa kama sikukuu. Mwenye duka alikuja mara mbili kwa siku moja, na walimu wawili waligombana kuhusu nyota ya Jumanne. Wiki ya tatu majina yakaanza kupotea, kuanzia chini kwenda juu, kama soksi inayofumuka.

Wa kwanza kupotea alikuwa Mama Makhauta. Mwanamke huyo wa miaka sitini na mmoja alikuwa ametumia maisha yake kuchambua sufu kwenye banda la kunyolea kondoo, na kliniki ilikuwa imemwagiza afanye mazoezi kwa sababu ya sukari na goti lililokataa kukunjika. Asubuhi moja Lebeko alisimama mbele ya ile karatasi akasema, "Mama Makhauta, mbona nyota zako hazionekani? Zimekwenda malishoni?" Watu wakacheka. Mama naye akacheka, akajifunga skafu yake taratibu, akatoka. Hakurudi tena jimuni.

Jumapili Moliehi alimfuata nyumbani, upande wa chini wa mto. Alimkuta amekaa kwenye jua la mlangoni, mbele yake mistari ya morabaraba, mchezo wa kete zinazoitwa ng'ombe, imechorwa kwa mkaa juu ya saruji. Ng'ombe wa upande mmoja walikuwa punje za mahindi, wa upande wa pili maharage. Alikuwa akicheza peke yake.

"Nani anashinda, Mama?"

"Mkono wa kulia. Wa kushoto una haraka." Hakuinua uso. "Kama umekuja kunichukua, pole kwa safari."

"Lebeko alikuwa anatania tu."

"Lebeko namjua tangu anavuja kamasi, hanisumbui. Ni ile karatasi yako. Wa mwisho nimeshakuwa mara nyingi, mwanangu. Sikujua kwamba kuna mahali mtu analipia kuwa hivyo."

Moliehi akahisi uso unamwaka. Akakaa chini akachukua maharage. Ng'ombe watatu wakikaa mstari mmoja, wanakula mmoja wa adui. Hilo kila mtoto wa Lesotho analijua. Lakini Mama Makhauta alimlia wote, mara nne mfululizo, huku akimenya karoti.

"Unatazama ng'ombe wako tu," alisema mchezo wa nne ulipoisha. "Tazama wangu. Na umtazame huyu uliyemsahau pembeni. Ndiye atakayekuua."

Moliehi alirudi kwake akikanyaga barafu ya vijitoni bila kuiona.

Jumatatu waliokuja walikuta karatasi haipo ukutani. Sakafuni, kutoka ukuta hadi ukuta, kulikuwa na mistari mipana ya morabaraba kwa rangi nyeupe, na pembeni makopo ishirini na manne ya maziwa ya unga yaliyojazwa saruji, nusu mekundu, nusu ya bluu. Upande wa juu wa mto, mekundu, dhidi ya upande wa chini, ya bluu. Kwa siku kila upande una zamu moja, lakini ng'ombe hasogei mpaka watu wanane wa upande huo wawe wamemaliza mazoezi yao, kila mmoja kwa kadiri ya mwili wake.

"Na yangu mimi?" aliuliza Mama Makhauta, aliyekuja kuona tu, kama alivyosema.

"Dakika kumi za baiskeli. Kisha kuinuka kitini mara ishirini."

"Na Lebeko?"

"Lebeko atajuta."

Mji ulibadilika. Sokoni watu walifokeana kwa furaha: "Wewe mwalimu, umelala? Ng'ombe amesimama anakungoja wewe!" Mgonjwa wa mafua alipelekewa supu na upande wake ili apone kabla ya Ijumaa. Lebeko alichora mchezo mzima kwenye daftari lake la kazi, akaonekana mara nyingi akilikodolea macho kama mtu anayechunguza wizi. Upande wa chini ulimsikiliza Mama Makhauta. Hakuweza kuinama, hivyo alielekeza kwa fimbo, "Yule pale, hapana, mjinga we, yule wa pembeni," na vijana wakabeba makopo.

Kisha ikaja Alhamisi ya mwisho ya Julai, na pamoja nayo theluji. Kufikia alfajiri ilikuwa imefika magotini. Moliehi alifungua jimu, akawasha jiko, akapanga vyuma vyake. Saa moja hakuna mtu. Saa moja na nusu akaja Ntate Seabata, akakung'uta viatu vyake vya mpira, akakaa kwenye benchi, akaanza kuhesabu vyuma. 

Walianza kufika karibu saa mbili, weupe mpaka nyusi. Lebeko na wenzake wa kituoni, kisha walimu, kisha mwenye duka. Upande wa chini walikuja kwa mstari, wakikanyaga nyayo za aliyetangulia, na aliyetangulia, akipiga theluji kwa fimbo, alikuwa Mama Makhauta.

Walifanya mazoezi mpaka vioo vikafunga ukungu. Moliehi akahesabu. Juu, tisa. Chini, saba.

"Saba si wanane," alisema Lebeko, akisugua mikono. Aliona, kama wote walivyoona, kwamba ng'ombe mmoja tu wa bluu alibaki kukamilisha mstari. Zamu hiyo ingepita bure, upande wake ungeuziba. "Sheria ni sheria."

Mama Makhauta aligeuka. Alikuwa akiangalia benchi.

"Seabata, wewe unalala upande gani wa mto?"

"Mimi? Wa chini. Kwani hujui? Tulichunga pamoja."

"Vua blanketi."

"Huyo si mwanachama!" Lebeko aliruka.

Wote wakamgeukia Moliehi. Alimtazama Ntate Seabata, mwenye ufunguo, ambaye angepaswa kumwogopa. Akatazama makopo.

"Sheria inasema watu wanane wa upande wa chini," alisema. "Haikusema wanachama. Ntate, kuchuchumaa na kuinuka, mara ishirini."

Ntate Seabata alivua blanketi kama mtu anayeingia mtoni. Aliyemhesabia alikuwa Mama Makhauta.

"Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na mbili."

"Kumi na mbili umeshasema!"

"Ile ya kwanza hukufika chini."

Alipomaliza, alikuwa hoi, na jasho lilimtiririka mpaka ndevuni. Upande wa chini ukapiga vigelegele. Kijana mmoja akaenda kubeba kopo, lakini Mama Makhauta akamzuia kwa fimbo, kisha akampa hiyo fimbo aishike. Alisogea mwenyewe. Akakunja goti, polepole, akapumzika katikati, akakunja tena. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyethubutu. Akalishika kopo kwa mikono miwili, akaliweka mahali pake, akaenda hatua mbili akamwokota ng'ombe mwekundu wa Lebeko, ndipo akainuka.

"Mchukue," alimwambia Ntate Seabata, akimkabidhi. "Leo umemla wewe."

Ntate Seabata alilipakata lile kopo tumboni, akihema, akauzunguka mchezo mara moja, kisha mara ya pili, akihesabu kwa midomo ng'ombe waliobaki. Kwenye benchi, juu ya blanketi lake, simu ikaanza kunguruma. Moliehi alikuwa karibu, akaliona jina.

"Ntate, ni yule jamaa wa nyasi."

"Ngoja," alisema, bila kugeuka. "Lebeko, zamu yako. Tunakutazama."

Lebeko alichuchumaa ukingoni mwa mistari myeupe, akikuna shingo. Watu wakasogea, mabega kwa mabega, mvuke ukiwapanda migongoni. Nyuma yao simu iliendelea kutetemeka, ikiteleza kidogokidogo kuelekea ukingo wa benchi, na hakuna aliyenyoosha mkono.