Kandili la Matetea

Mume wangu Ntsane alizikwa Machi, na siku ileile nikavishwa blanketi jeusi la ujane. Kwetu hapa milimani Lesotho mjane hatoki nje kabla jua halijachomoza, na likizama lazima awe ndani. Akikiuka, balaa humwangukia yeyote aliye karibu naye. Sikugombana na blanketi. Shida yangu ilikuwa kuku.

Matetea wale niliwalea mwenyewe tangu vifaranga, ndani ya boksi kando ya jiko, nikiamka kuwabadilishia chupa ya maji moto wasirundikane wakafa kwa baridi. Walianza kutaga wiki ile ya msiba, hawana hata haya. Baada ya maziko ukoo ukakaa kikao. Shemeji yangu Makalo, mdogo wake Ntsane, alitaka kunirithi mimi pamoja na nyumba. Mama mkwe ndiye aliyekata shauri.

"Akijilisha mwenyewe mpaka blanketi livuliwe, abaki kwake," alisema. "Akishindwa, anahamia kwa Makalo."

Basi nikaishi kwa mayai. Niliyabadilisha kwa unga dukani, binti yangu Thakane akala, nami nikalala kwenye kitanda changu peke yangu. Kisha kipupwe kikaingia, mchana ukaanza kufupika. Kuku habembelezwi kwa maneno. Akikosa mwanga anaacha kutaga. Dawa yake ni kuwasha kandili bandani alfajiri, kabla ya jua. Na alfajiri ndiyo saa niliyofungiwa ndani.

"Taa tu, Mama Thakane?" Makalo alicheka nilipomweleza. "Nitawasha mimi. Usingizi wenyewe siku hizi sina."

"Kila siku, shemeji. Ukiruka siku unawavuruga."

"We tulia bwana. Kwani mimi mtoto?"

Nikamwamini. Mjinga mimi! Nilimkabidhi riziki yangu mtu pekee ambaye angefaidika ikikauka.

Mayai yakapungua, yakaisha. Makalo akaapa kwamba anawasha kila siku. Mchana mmoja nilikwenda bandani nikalitikisa kandili: mafuta yalikuwa palepale nilipoyaacha, na utambi haujaungua hata ncha.

"Shemeji, hujawahi kuwasha."

"Kuku nao wanachoka," alisema, akitabasamu. "Waache wapumzike. Na wewe njoo upumzike. Kwangu hakuna mwanamke anayehangaika na mavi ya kuku."

Mama mkwe nilipomweleza, akasema nisimchafue mwanawe. Nikaona hapa hakuna wa kunisaidia. Nikaanza kutoka mwenyewe gizani, nimejifunika blanketi mpaka machoni. Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, nikaziba mianya kwa magunia mwanga usionekane. Niliogopa, sitasema uongo. Lakini kitanda cha Makalo nilikiogopa zaidi.

Kuku wakaitikia. Vilemba vyao vya kichwani vilivyokuwa vimepauka vikaanza kurudisha wekundu, na nikiwagusa mgongoni wakawa wanachutama, kama tetea anayejiandaa kutaga. Unga ulikuwa umebaki wa kukwangua chini ya gunia. Nikamwambia Thakane avumilie, wanakaribia.

Ndipo theluji ikaanguka. Ilikoma usiku, nami nilipotoka alfajiri sikuwa na pengine pa kukanyaga. Kulipokucha mama mkwe alisimama mlangoni kwangu akitazama nyayo zangu, kwenda bandani na kurudi. Siku hiyohiyo habari ikashuka kutoka malishoni kwamba kondoo kadhaa wa Makalo wamekufa kwa baridi.

"Umeniulia mifugo, mwanamke!" Makalo alipiga kelele uani, majirani wote wasikie.

"Theluji imeua ya kila mtu!"

"Nyamaza," alisema mama mkwe. "Nyayo ni zako au si zako?"

Zilikuwa zangu. Ukoo ukaitwa nitakaswe. Kondoo wa kunitakasa alimtoa Makalo, na ukarimu huo aliutangaza mwenyewe. Kitoweo cha wageni kikatakiwa kwangu.

"Kuku wenyewe hawatagi," alisema Makalo. "Wanakula bure. Wachinjwe wote."

"Nipeni wiki moja. Moja tu!"

Wakacheka. Mama mkwe akanikabidhi kisu.

Nilichinja, nikanyonyoa, nikapasua. Tetea wa kwanza alikuwa na yai tumboni, gamba limeshakuwa gumu, bado la moto. Nyuma yake viini vya mayai yajayo vimejipanga, vikubwa kwa vidogo. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Nilimwita mama mkwe, nikamwonyesha.

Aliinama akatazama. Alijua maana yake, kafuga kuku maisha yake yote.

"Yachemshe," alisema. "Hayo huliwa na mwenye nyumba."

Nikayachemsha. Nikayatia kwenye bakuli, nikapiga magoti mbele ya Makalo, nikampa.