Mizunguko Miwili

Kitabu cha nidhamu cha kanisa kilikuwa na jalada jeusi, na kwa miaka tisa hapakuwa na mkono mwingine ulioandika ndani yake ila mkono wa Mzee Munyaneza. Walevi, wagomvi, wanaume waliowaacha wake zao katika kambi ya wakimbizi wakaoa wengine Minneapolis, wote aliwaandika kwa wino wa buluu, kwa herufi zilizosimama wima kama alivyofundishwa utotoni katika shule ya misheni huko Rutshuru. Kila mwezi, kabla ya Meza ya Bwana, alisimama mbele ya washarika akasoma jina na kosa. Naye aliyetajwa akainuka, akaungama kwa kinywa chake mwenyewe, kisha akaenda kuketi benchi la nyuma kwa miezi mitatu. Hakuna aliyewahi kumwona Munyaneza akipepesa jicho.

Mwezi wa Machi jina lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la bintiye, Mutesi, mwenye umri wa miaka kumi na minane.

Siku ya Jumamosi, baada ya adhuhuri, Mchungaji Wanjohi alifika nyumbani kwao Brooklyn Park, nje kidogo ya Minneapolis, akiwa bado amevaa sare ya hospitali, kwa maana Mungu alimtumia Jumapili na wagonjwa walimtumia siku zilizobaki. Alivua viatu mlangoni, akapokea chai, akakizungusha kikombe bila kunywa.

“Mzee, si lazima usome wewe,” alisema. “Mzee Bravin yuko. Ana sauti.”

“Bravin ana sauti ya kuuzia mbuzi. Kitabu nitakisoma mimi.”

“Lakini huyu ni mtoto wako.”

“Na wale waliosomwa kabla yake, walikuwa watoto wa nani?”

Mchungaji alikiweka kikombe mezani. “Kwa kweli washarika wametikisika,” akasema. “Wanasema Mungu ameuonyesha mkono wake waziwazi. Mama mmoja ameniambia wanawe hawamuulizi tena kwa nini lazima waje kanisani.”

Munyaneza aligeukia dirisha. Nje, theluji ya majuma matatu ilikuwa imepata rangi ya majivu kando ya njia ya gari. Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, umekishika kitu kidogo cha chuma.

Kosa la Mutesi halikuwa na utata. Chama cha michezo cha shule yao kilipanga kwenda mlimani Jumamosi kuteleza juu ya theluji, na baba yake akaridhia. Baridi ikazidi, safari ikasogezwa hadi Jumapili, na baba akakataa. Asubuhi ile Mutesi aliaga kwamba anatangulia kwenye mazoezi ya kwaya, kumbe anakwenda mlimani. Katika mteremko wa tatu, ubao wake wa kutelezea uliuachia mguu wa kushoto ilhali wa kulia ungali umefungwa. Mfupa wa muundi ulivunjika mahali pawili, na goti likapinduka hata kano zake zikakatika. Madaktari walimpasua mara mbili. Walisema kwamba atatembea, lakini goti halitakunjika tena kama zamani. Na kuhusu kazi ya kusimama kutwa, kama ule uuguzi ambao alikwisha kukubaliwa kuusomea, heri aifikirie upya.

Hayo ndiyo watu waliyoyajua. Yale wasiyoyajua yalianza Alhamisi iliyotangulia safari, ndani ya gereji ya nyumba ile.

Ubao wenyewe Mutesi alipewa na Serah, jirani yao Mkenya, ambaye wanawe walikuwa wamekua wakaenda zao. Juu ya ubao wa namna hiyo huwa pana vifungo viwili vya kushika viatu, na kila kifungo hukazwa kwa parafujo nne zinazoingia katika matundu ya chuma yaliyozamishwa ubaoni. Kifungo cha nyuma kilikuwa kamili. Cha mbele kilikuwa hakina parafujo hata moja.

“Papa, tuupeleke Maple Grove,” alisema Mutesi. “Kuna duka la michezo. Parafujo zake wanazo, na wanapima urefu.”

“Nimetundika milango ya makanisa mawili na zahanati moja. Leo nikapange foleni nikakaziwe parafujo nne?”

“Milango haiteremki mlima, Papa.”

“Nawe huna bawaba. Lete mkebe.”

Mutesi alicheka. Mkebe ule wa maziwa ya unga ulikuwa umesafiri nao tangu kambini Uganda. “Mkebe huu umenipita umri,” alisema. “Ungestahili kupewa uraia kabla yangu.”

Pascasie, mama yake, alikuwa akitoa nguo katika mashine ya kufulia pale pembeni. “Mwache, binti yangu,” alisema bila kugeuka. “Baba yako ukimwuliza njia, atakuambia yeye ndiye barabara.”

Ndani ya mkebe mlikuwa na kila msumari, komeo na parafujo aliyoiokota Munyaneza kwa miaka kumi na saba ya kambini, mahali ambapo kipande cha chuma hakitupwi kama vile chakula kisivyotupwa. Alipata parafujo nne zilizotoka katika vitanda vya zahanati. Hesi zake, ile mistari inayozunguka mwili wa parafujo, zililingana na matundu, zikaingia bila ubishi. Lakini zilikuwa ndefu. Ya kwanza iligonga mwisho wa tundu kabla kichwa chake hakijakigusa kifungo, na upande wa chini wa ubao ukaanza kufura kama kipele. Akaitoa. Akazibana zote nne katika jiliwa, akazikata kwa msumeno wa chuma, akazilainisha ncha kwa tupa. Alizikata kwa kukadiria kwa jicho, kama seremala. Parafujo ya mbao humsamehe anayekadiria, kwa sababu mbao yenyewe huuma. Lakini chuma ndani ya chuma hushikwa kwa idadi ya mizunguko, na kila anayefanya kazi ya chuma huihesabu.

Alipozirudisha, bisibisi ilizunguka mara mbili, ikasimama. Mara mbili tu. Mkono wa fundi hujua kabla ya kichwa, na mkono ule ulisita juu ya ubao kwa muda wa pumzi moja. Mutesi alikuwa akimtazama.

“Zimeshika?”

“Mtavunjika ninyi na mlima wenu,” alisema Munyaneza, “hiki kitabaki.”

Siku ya tatu baada ya ajali, mwalimu aliuleta ubao katika gari lake, akauegemeza ukutani, akaenda zake. Munyaneza aliuinamia peke yake. Parafujo tatu zilikuwa zimepotea thelujini. Ya nne ilikuwa imenasa kwenye kifungo, na alama za tupa yake zinang’aa nchani. Akachungulia matundu. Hesi mbili za juu zilikuwa zimenyofoka. Zile za chini, ambazo parafujo yenye urefu uliopasa ingezishika, zilikuwa nzima.

Alikusudia kusema jioni ileile. Lakini jioni ile Mzee Bravin na akina mama walikuja kuomba, nao wakasema kwamba siku ya Bwana haichezewi, na kwamba aliyeupiga mguu wa mtoto huyu anajulikana. Wakamshika Munyaneza mkono kwa heshima, kama mtu ambaye maonyo yake yamethibitishwa kutoka juu. Akajiambia, nitasema kesho. Kesho ikazaa kesho. Parafujo ikahamia mfukoni, naye akawa mtu wa kuipapasa.

Mchungaji alipoondoka Jumamosi ile, Munyaneza aliingia chumbani kwa binti yake. Mutesi alikuwa ameketi kitandani, mguu umenyooshwa ndani ya vyuma, anaandika nyuma ya bahasha ya hospitali.

“Papa, nisahihishie Kiswahili,” alisema. Kwa kawaida aliwajibu wazazi kwa Kiingereza, lakini tangu ajali alikuwa amekiacha nyumbani humo, kana kwamba nacho kilikuwa sehemu ya dhambi. Akasoma: “Nilidanganya wazazi wangu. Niliacha ibada. Mungu alinipiga mguu kwa sababu nilivunja siku yake.”

“Sentensi ya mwisho iondoe,” alisema Munyaneza.

“Mchungaji ameniambia niiseme.”

“Iondoe.”

“Kwa nini? Si kweli?” Aliishusha bahasha. “Ulinifundisha kwamba Mungu akipiga, hurudi kuponya. Daktari anasema goti haliponi. Sasa mimi najiuliza, alinipiga kunirudi, au alinichoka?”

Jibu lilikuwa mfukoni mwake. Kidole chake kiligusa ile ncha iliyolainishwa kwa tupa. “Lala,” akasema, “umechoka,” akatoka.

Jumapili, katika ukumbi wa chini wa kanisa waliloazima huko Brooklyn Center, viti vilijaa mapema kuliko kawaida. Meza ya Bwana ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe. Munyaneza alisimama, akakifungua kitabu cheusi.

“Mutesi, binti Munyaneza,” alisoma. “Kosa: kuwadanganya wazazi wake na kuiacha ibada.”

Mutesi aliinuka kwa magongo yake. Aliikunjua bahasha, gongo moja likaanguka, na mtu wa benchi la mbele akaliokota.

“Mungu alinipiga mguu,” alianza, na hapo ilidhihirika kwamba alikuwa ameihamisha sentensi ile kutoka mwisho akaiweka mwanzo.

“Keti, binti yangu,” alisema Munyaneza. “Sijamaliza kusoma.”

Mstari uliofuata katika kitabu haukuwa na maandishi. Alitoa kalamu, akaandika, na washarika wakamngoja huku mkwaruzo wa kalamu ukisikika hadi nyuma. Kisha akasoma kwa sauti ileile aliyowasomea walevi.

“Munyaneza, mwana wa Rukundo, mzee wa kanisa. Kosa la kwanza: aliukaza ubao wa mtoto wake kwa parafujo alizozikata fupi, alijua ni fupi, akasema zimeshika. Kosa la pili: aliyaona hayo kwa macho, akanyamaza majuma matatu, akaacha Mungu asingiziwe.”

Aliiweka parafujo juu ya kitambaa cheupe. Haikufika urefu wa ukucha wa kidole gumba.

“Mzee,” alisema Mchungaji Wanjohi kwa sauti ya chini, “jambo hili tungeliongea kwanza katika baraza la wazee.”

“Wale wengine hatukuwapa hiyo nafasi, Mchungaji. Tuliwasoma.”

Akamkabidhi Bravin kitabu, akapita katikati ya viti hadi benchi la nyuma, akaketi. Mutesi hakuketi. Alibaki amesimama kwa gongo moja, akiitazama bahasha yake kama mtu aliyepewa barua isiyo yake.

Ndani ya gari Pascasie ndiye aliyeendesha. Walikuwa wamekaribia nyumbani Mutesi aliponena, naye alinena kwa Kiingereza, lugha yake ya zamani.

“Ulijua lini?”

“Siku ya tatu, ubao ulipoletwa.”

“Hapana. Kabla ya hapo.”

Munyaneza alitazama mikono yake. “Bisibisi ilipozunguka mara mbili.”

“Nilikuuliza.”

“Uliniuliza.”

“Na jana nilikuuliza tena.”

Pascasie, ambaye hakukosa neno maishani mwake, alikaza macho barabarani.

Kando ya bafu Munyaneza alikuwa ametundika chuma cha kushikilia, siku ile Mutesi alipotoka hospitali, na kwa majuma mawili binti alikitegemea kuinuka na kuketi. Alasiri ile alisimama mlangoni mwa bafu, hakuingia.

“Hiki ulikikaza kwa parafujo zipi?”

“Za mkebe.”

“Ulizikata?”

“Sikuzikata.”

Alibaki pale pale. Munyaneza akaleta bisibisi, akapiga magoti, akazitoa moja baada ya nyingine, akazipanga ukingoni mwa sinki ili azione. Mutesi aliinua moja, akailaza juu ya kidole chake. Ilikuwa ndefu, nzima, haijaguswa na msumeno. Akairudisha. Munyaneza akazikaza upya huku akihesabu kwa sauti kila mzunguko, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu: kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Alipomaliza zote alikishika chuma kwa mikono miwili, akajining’iniza kwa uzito wake wote, mzee wa miaka sitini na mitatu. Hakikutikisika.

“Sasa shika,” alisema.

Mutesi alikitazama kwa kitambo.

“Mama,” aliita.

Pascasie alikuja, akampa bega. Wakaingia pamoja polepole, mguu mzima ukitangulia, mkono mmoja wa Mutesi shingoni mwa mama yake na wa pili ameukunja kifuani. Munyaneza alitoka kuwapisha, akasimama ukumbini na bisibisi mkononi. Mlango ukafungwa. Maji yalianza kutiririka, na alisikia sauti ya Pascasie ikisema, niegemee mimi, polepole, niegemee mimi.