Kisu Kilichokosa Mkono

Mpini wa kisu cha marehemu mume wangu ulikuwa umelegea, na jioni hiyohiyo shemeji yangu, mdogo wake, alikuwa anakuja kukichukua. Buchani kwa marehemu alishabeba mizani, gogo na hata ndoano. Sikumzuia, mimi na kazi ya nyama wapi na wapi! Lakini kisu kile kilinikaa rohoni. Mpini wake ni vipande vya ngozi vya duara, vimepangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa mwishoni kwa nati. Juu yake pana kibonyeo ambacho marehemu alikichimba kwa kidole gumba, miaka nenda miaka rudi, bila kukusudia. Alama zake nyingine ndani ya nyumba nimeshazifagia zote.

Nikakikimbiza kwa fundi viatu wa pale kona, maana shemeji namjua: akikiona kinacheza, mpini atautupa.

Fundi akakitikisa karibu na sikio. "Mama, niachie nikivishe ngozi mpya. Kitatoka hapa bwana harusi."

"Sitaki. Hiyohiyo."

"Basi nakaza nati, wewe kakipake mafuta kidogo, halafu ukishike. Ngozi hii imekauka kwa kukosa mkono."

"Haiko peke yake," nikamjibu.

Alicheka, kisha akaacha kucheka na kuinamia nati yake.

Nyumbani niliketi ukingoni mwa kitanda, upande wangu, ingawa siku hizi pande zote ni zangu. Nikapaka mafuta kwa kitambaa, nikangoja ngozi iyanywe, nikapaka tena. Ndipo nikakishika. Gumba langu liliingia kwenye kile kibonyeo likapwaya, maana mwenzangu alikuwa na mikono kama makoleo. Ngozi ikaanza kupata joto. Sikupika, sikufungua redio, sikuitika hata jirani alipobisha hodi. Nilikuwa mpweke, na sioni haya kusema. Tangu tumzike watu wamenipa mkono wa pole wee, kisha kila mtu akaenda zake na mkono wake.

Shemeji alifika jua likizama. Akakipokea, akakipunga hewani. Mpini ulitulia tuli.

"Eh, shemeji, umekifufua! Ila hapa pana shimo, linanikera. Nitapapiga msasa pawe sawa."

"Hicho hukipati," nikasema.

"Lakini shemeji, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana. Chukua na meza ukitaka, chukua na mlango. Hicho niachie."

"Wewe hata kuku unaomba ukatiwe! Kisu cha bucha utakifanyia nini?"

"Nitakishika."

Akatazama kile kibonyeo kwa muda, akaweka gumba lake juu yake, taratibu safari hii. Kisha akakigeuza kisu, akanielekezea mpini.